Baba: neno moja, lugha nyingi, na udugu usiokuwapo

Kila baada ya muda huzuka mitandaoni orodha ile ile: Kiswahili baba, Kiyoruba bàbá, Kituruki baba, Kiajemi bābā, Kichina bàba. Chini yake huwekwa swali linaloulizwa kwa sauti ya ushindi: mataifa yaliyotawanyika kiasi hiki yangewezaje kumwita mzazi wa kiume kwa neno moja kama hapo kale hayakuwa taifa moja? Wapo wanaojibu kwamba neno hilo ni la Kiarabu na lilisambazwa na wafanyabiashara, na wapo wanaosema ni la Kiafrika na ndilo lililosafiri hadi Uchina. Kinachonisikitisha ni kwamba orodha yenyewe ni ya kweli. Maneno hayo yapo, na maana zake ndizo hizo zinazotajwa. Kosa linaingia katika hatua inayofuata, pale kufanana kunapogeuzwa kuwa ushahidi wa udugu.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa kutenganisha mambo ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Maneno ya lugha mbili yanaweza kufanana kwa sababu ya urithi, yaani lugha zote mbili zimechipuka kutoka lugha moja ya kale na kila moja imeendelea kulitumia neno la mzazi wake. Yanaweza kufanana kwa sababu ya mkopo, kama Kiswahili kilivyochukua kitabu kutoka Kiarabu na meza kutoka Kireno bila kuwa ndugu wa lugha hizo. Yanaweza pia kufanana kwa sadfa tupu. Katika jimbo la Queensland nchini Australia ilikuwapo lugha iitwayo Mbabaram ambamo mbwa aliitwa dog, sawa kabisa na Kiingereza. Mwanaisimu R. M. W. Dixon, aliyeichunguza lugha hiyo katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba neno hilo halikuletwa na Waingereza, bali lilitokana na neno la kale gudaga, ambalo lugha jirani ya Yidiny imelihifadhi jinsi lilivyo. Mbabaram iliangusha silabi ya mwanzo na irabu ya mwisho, irabu iliyobaki katikati ikageuka, na safari hiyo ndefu ikaishia mahali ambapo Kiingereza kilifika kwa njia yake yenyewe.

Urithi, mkopo na sadfa ni njia tatu ambazo wengi wanazijua hata kama hawazitaji kwa majina hayo. Baba ana njia ya nne, na ndiyo inayoyaeleza mengi katika orodha ile.

Yaliyoachwa nje ya orodha

Orodha zinazosambazwa huchagua lugha zinazokubaliana na kuziacha zinazopingana. Tukizirudisha zilizoachwa, picha inabadilika. Katika Kibulgaria, Kiserbia na Kiukreni, baba ni bibi, yaani mama wa mzazi. Katika Kirusi, baba ni mwanamke, tena kwa namna isiyo ya heshima sana, na bibi huitwa babushka. Katika Kijapani, baba ni mwanamke mzee. Katika Kihungaria, baba ni mtoto mchanga au mwanasesere, huku bába, ambalo irabu yake ya kwanza ni ndefu, likiwa ni mkunga. Hilo la pili Wahungaria walilikopa kutoka kwa majirani zao Waslavoni. Katika Kihispania, baba ni udenda, yale mate yanayomtiririka mtoto kidevuni. Wabrazili, wanaosema Kireno, wana babá, mkazo ukiwa mwishoni, na maana yake ni yaya. Katika Kiarabu, al-Bābā ndiye Papa, mkuu wa Kanisa Katoliki, na pia mkuu wa Kanisa la Kikopti. Wafaransa wana keki iitwayo baba, jina walilolipata kutoka Kipolandi, ambamo neno hilo ni mwanamke mzee.

Hata lugha zinazoonekana kukubaliana hubeba mambo ambayo maandishi yetu huyaficha. Kiyoruba ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana kama vile herufi zinavyobadili. Bàbá, silabi ya kwanza ikiwa chini na ya pili juu, ni mzazi. Bàbà, silabi zote mbili zikiwa chini, ni sehemu ya jina la mtama. Anayeandika baba bila alama za toni na kuliweka katika orodha yake ameandika maneno mawili kwa wakati mmoja bila kujua.

Ramani nayo inatoa mfano unaonivutia sana. Nchini Afghanistan ipo safu ya milima iitwayo Koh-i-Baba, jina ambalo kwa Kiajemi ni Mlima wa Baba. Makedonia Kaskazini nako uko mlima uitwao Baba, katika nchi ambayo kwa lugha yake baba ni bibi. Msafiri asiyejua lugha hizo angeweza kuapa kwamba majina hayo mawili yametolewa na watu wa ukoo mmoja kwa heshima ya mzazi yule yule.

Sasa zitazameni maana hizo zote kwa pamoja: mzazi wa kiume, bibi, mkunga, yaya, mtoto mchanga, mwanasesere, udenda. Ukiacha mtama wa Wayoruba, keki ya Wafaransa na cheo cha Papa, ambavyo kila kimoja kina hadithi yake, maana zilizobaki zote zinamzunguka mtoto mdogo. Ni watu wanaomwinamia na vitu vinavyomhusu. Jambo hilo si la bahati, na ndilo linalotupeleka kwenye chanzo.

Mdomo kabla ya lugha

Tangu karibu mwezi wa sita au wa saba, mtoto huanza kutoa silabi zinazojirudia: bababa, mamama, dadada. Haziiti kitu chochote. Ni mazoezi ya kinywa, na kinywa kina mambo yanayokuja mapema na mengine yanayochelewa. Irabu rahisi kuliko zote ni a, kwa kuwa haihitaji kazi nyingi ya ulimi. Mdomo ukifunguka na sauti ikatoka, ndiyo hiyo. Konsonanti rahisi ni zile za midomo miwili, yaani m, b na p, zikifuatiwa na zile za ncha ya ulimi, yaani t, d na n. Kufumba midomo mtoto amekwisha kukuzoea kwa kunyonya, na tena midomo ni sehemu anayoiona kwenye uso wa anayemsemesha. Sauti kama r, z au sh, na miungano kama mbw, huja baadaye sana.

Ukaribu wa m na b unaweza kuusikia mwenyewe sasa hivi. Ziba pua kwa vidole, kisha jaribu kusema mama. Kitakachotoka kitakuwa karibu sana na baba. Midomo imefanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba m hupitisha pumzi puani huku b ikiizuia mpaka midomo ifumbuke. Maneno mawili tunayoyaona kuwa yametengana kama mchana na usiku yametenganishwa na kilango kidogo kilicho nyuma ya kaakaa.

Hatua inayofuata si ya mtoto. Ni ya watu wazima. Mtoto anasema bababa, na mtu aliye karibu anaamini kwamba ameitwa. Anatabasamu, anamnyanyua, anamrudishia sauti ile ile akimwonyesha mtu fulani, na baada ya kurudiwa mara nyingi silabi ile inakuwa jina. Nani hasa atapewa jina hilo ni uamuzi wa jamii, wala haumo katika sauti yenyewe. Huku alipewa mzazi wa kiume, kule bibi aliyelea, kwingine mkunga au mtoto mwenyewe. Maji ya mvua hutafuta bonde katika kila nchi bila mito kuambizana, na ndivyo vinywa vya watoto vinavyotafuta silabi za midomo bila lugha zao kuwahi kukutana.

Roman Jakobson, mwanaisimu aliyezaliwa Moscow na kufanya kazi miaka mingi Marekani, ndiye aliyeieleza njia hii kwa ukamilifu katika makala iliyochapishwa mwaka 1960. Alitumia takwimu za mwanaanthropolojia George Peter Murdock, aliyekuwa amekusanya istilahi 1,072 za wazazi kutoka lugha za sehemu nyingi za dunia, 531 za mama na 541 za baba. Mwelekeo ulikuwa wazi: sauti za puani, kama m na n, huelemea upande wa mama, na sauti kama p, b, t na d huelemea upande wa baba. Maelezo ya Jakobson kuhusu upande wa mama ni ya kimwili kabisa. Mtoto anayenyonya ana kinywa kilichojaa, hivyo mguno wake hauna njia isipokuwa puani, na mguno wa puani uliofungwa na midomo ni m. Baadaye akiwa na njaa hurudia mguno ule, na anayekuja kumnyonyesha huuchukua kuwa wito.

Nimesema mwelekeo, na neno hilo nalichagua kwa makusudi. Katika Kigeorgia, lugha ya milima ya Kaukasi, mama ni mzazi wa kiume na deda ni mzazi wa kike. Katika Kihindi, māmā ni mjomba. Katika Kikuyu, tata ni shangazi au mama mdogo, ilhali katika Kilingala na Kixhosa neno hilo ni la mzazi wa kiume, na ndivyo lilivyo katika Kipolandi na, kwa tofauti ndogo ya irabu, katika Kiromania. Sijawahi kumwona mtu akidai kwamba Waxhosa na Wapolandi ni ndugu kwa sababu ya tata, ingawa ushahidi ni wa uzito ule ule unaotolewa kwa ajili ya baba.

Kwa nini neno hili halizeeki

Hapa ndipo jambo linapokuwa gumu kidogo, na ndipo penye uhondo. Sauti za lugha hubadilika kadiri karne zinavyopita, na hubadilika kwa utaratibu. Lugha za jamii ya Kijerumani, ambamo Kiingereza kimo, ziligeuza p ya mwanzo wa neno kuwa f: Kilatini kilisema pater na piscis, Kiingereza kinasema father na fish. Hilo ndilo neno rasmi la baba, neno la urithi, na limebeba makovu ya safari yake. Lakini watoto wa Kiingereza wanasema papa, si fafa. Neno la watoto halikuguswa na mabadiliko yale kwa sababu halikusafiri nayo. Linazaliwa upya katika kila kizazi, na kila linapozaliwa linaanza na midomo.

Kichina kina hadithi inayofanana. Neno rasmi la maandishi ni fù, na wachunguzi wa historia ya Kichina wanakubaliana kwamba f hiyo ilitokana na sauti ya kale ya midomo miwili. Neno rasmi likasogea, na neno la nyumbani, bàba, likabaki mdomoni lilipokuwa.

Mfano wa Kijapani ndio unaonishangaza kuliko yote. Leo mama kwa Kijapani ni haha na baba ni chichi, maneno yasiyohitaji midomo kugusana hata kidogo. Katika mkusanyo wa vitendawili wa mwaka 1516 kimo kitendawili kinachosema kwamba kwa mama vinakutana mara mbili, na kwa baba havikutani hata mara moja. Jibu lake ni midomo. Kwa matamshi ya leo kitendawili hicho hakina maana, maana midomo haikutani popote katika haha. Kinaeleweka tu tukijua kwamba h ya Kijapani cha leo ilipitia sauti ya midomo iliyo karibu na f, na kabla ya hapo ilikuwa p. Kwa hiyo, ukirudi nyuma vya kutosha, Wajapani walimwita mama yao kwa sauti iliyokuwa karibu na papa. Halafu, katika zama zetu, Kijapani kikakopa papa kutoka lugha za Ulaya, safari hii kwa maana ya mzazi wa kiume. Silabi zile zile, lugha ile ile, mzazi mwingine.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha jinsi neno linavyoweza kuhama bila mtu kushtuka. Mzazi humwambia mwanawe mdogo, "Basi baba, usilie," na hakuna anayedhani kwamba amekosea ukoo. Wabengali hufanya hivyo hivyo kwa baba lao, na Waarabu wa Shamu, yaani Syria na nchi jirani, nao humrudishia mtoto lile bābā ambalo mtoto huwaita nalo. Tukiyasikia matumizi haya, baba wa Wahungaria aliye mtoto mchanga hawi tena kioja.

Je, ni neno la Kiarabu?

Dai hili linastahili jibu lake kwa kuwa linasikika sana, na linajengwa juu ya jambo la kweli, yaani kwamba Kiswahili kimekopa maneno mengi kutoka Kiarabu. Lakini neno la Kiarabu fasaha la mzazi wa kiume ni ab, nalo ndilo lililomo katika majina yanayoanza na Abu. Bābā lipo katika Kiarabu cha mazungumzo, kama lilivyo katika lugha nyingine nyingi. Zaidi ya hayo, Kizulu kina ubaba na Kishona kina baba, lugha ambazo hazikujengwa na biashara ya pwani ya Afrika Mashariki. Hakuna sababu ya kutafuta mkopeshaji wa kitu ambacho lugha za Kibantu zinacho tayari, kingi, hadi kusini mwa bara.

Kwa hiyo udugu wa lugha unathibitishwaje, ikiwa baba hafai kuwa shahidi? Chukua mtu na kitu. Wakikuyu wanasema mũndũ na kĩndũ. Washona wanasema munhu na chinhu. Wanyarwanda wanasema umuntu na ikintu. Maneno haya hayafanani kwa namna inayovutia macho kama baba na bàba, na mtu anayetafuta mshangao angeyapita. Lakini tazama kinachotokea kwenye shina: penye t ya Kiswahili, Kikuyu kina nd, Kishona kina nh, Kinyarwanda kina nt, na hali ni hiyo katika maneno yote mawili. Utaratibu huo ukijitokeza neno baada ya neno, pamoja na viambishi vinavyolingana mwanzoni, hauwezi kuelezwa kwa sadfa wala kwa kinywa cha mtoto, kwa sababu hakuna mtoto anayeanza maisha yake kwa kusema munhu. Kwa ushahidi wa aina hiyo, Wilhelm Bleek katika karne ya 19 aliziweka lugha hizi katika kundi moja na kulipa jina la Bantu, lililotokana na shina hilo hilo.

Kikorea na Kitamil ni mahali ambapo tofauti hiyo imewapotosha wengi. Zote mbili zina appa kwa baba, na mama ni eomma katika ya kwanza, amma katika ya pili, na kwa watu wengi jozi hizo mbili zimetosha kutangaza ukoo mmoja. Kiebrania pia kina abba, na Kihungaria kina apa. Jozi za namna hiyo zinapatikana popote penye watoto. Kinachodaiwa na mwenye hoja ya ukoo ni orodha ya maneno makavu, kama goti, jiwe, kuchimba na usiku, yenye tofauti zinazojirudia kwa utaratibu.

Tunda na samaki

Inabaki jamii ndogo ya maneno ambayo hayatoki kinywani mwa mtoto ingawa sura yake inadanganya. Papa wa Roma anatokana na Kigiriki pappas, baba, kwa kupitia Kilatini, na huyo ni wa ukoo wa kinywa cha mtoto kweli. Papa wa baharini ni samaki na hana uhusiano naye. Katika Kihispania cha Amerika ya Kusini, papa ni kiazi, neno la Kikechua, lugha ya milima ya Andes, na linatofautishwa na papá kwa mkazo tu. Papai, tunda, lina jina lililotoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi na kuenea kwa njia ya Wahispania na Wareno. Mbrazili akisema papai anamwita baba yake; tunda lenyewe analiita mamão, neno linalohusishwa na mama ya Kireno, ambayo maana yake ni titi, kwa sababu ya umbo lake.

Wapo wanaisimu wachache wanaoshikilia kwamba baba na mama ni maneno ya kwanza ya binadamu, yaliyorithiwa bila kukatika tangu lugha ya mwanzo kabisa. Dai hilo lina mvuto, na halivunji kanuni yoyote ya mantiki. Ugumu wake ni kwamba neno lililorithiwa kwa makumi ya maelfu ya miaka bila kubadilika na neno linalozaliwa upya katika kila kizazi yangekuwa na sura moja leo. Neno la urithi hutambulika kwa makovu yake, kama p ya Kilatini inavyotambulika katika f ya Kiingereza, na baba hana kovu hata moja.